Dakika tano za mtoto

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Unalalamika kwamba mwanao akiambiwa "subiri dakika tano" anarudi baada ya moja. Usimgombeze, si ukaidi. Bado hajapata kipimo.

Rangi ina jicho, sauti ina sikio. Muda hauna kiungo chake. Zipo chembe za neva kama 20,000, juu kidogo ya mahali neva za macho zinapopishana, lakini hizo zinapanga mizunguko ya siku nzima, kama usingizi na kuamka. Sekunde hazizihusu. Vipindi vifupi kuliko sekunde hushughulikiwa zaidi na ubongo mdogo wa kisogoni, na virefu zaidi hutegemea sana sehemu za ndani zinazotumia dopamini, kemikali ya kupitishia ujumbe kwenye ubongo. Ndiyo maana wagonjwa wa Parkinson, ambao dopamini yao hupungua, hukosea kukadiria muda.

Mtoto wa miezi 6 tayari hutofautisha vipindi viwili ikiwa kimoja ni maradufu ya kingine. Usahihi zaidi ya hapo unakuja kwa kukua na kwa kusahihishwa, hata ukubwani. Mtu akibonyeza kitufe na taa ikawa inachelewa kidogo kila mara, ubongo huzoea na kuona vinakwenda pamoja. Ondoa ucheleweshaji huo ghafla, naye ataapa kwamba taa imewaka kabla hajabonyeza!

Basi msahihishe. Afumbe macho, aseme "tayari" akihisi sekunde 10 zimetimia, nawe umtajie palepale: ni 7, au ni 13. Asihesabu kimoyomoyo, maana hapo anapima kasi ya kuhesabu kwake. Wala usimsemeshe: akili ikivutwa kwingine muda unampita bila kuhesabika, atasema "tayari" amechelewa. Baki kwenye 10 mpaka atulie, ndipo uende 30. Ukichanganya mapema, vifupi atavirefusha na virefu atavifupisha. Karl von Vierordt, mwanafiziolojia wa Ujerumani, aliliandika hilo tangu 1868.

Usitarajie kosa libaki lilelile. Hukua pamoja na muda: anayekosea sekunde 1 katika 10 atakosea kama 6 katika dakika nzima.

Kwa zile dakika tano zenyewe, mwekee saa ya mchanga mbele yake. Hapo hakadirii, anatazama. Niandikie akishaizoea 30.

Wako,
Rehema