Masanduku ya vichujio vya maji yataje aina ya viungio

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wauzaji wa vichujio vya maji vya nyumbani hulipitia juu juu, nalo ni viungio vinavyokiunganisha kichujio na bomba. Mimi ni fundi bomba, na kufunga vichujio hivyo ni sehemu ya kazi yangu. Matangazo hueleza kwa kirefu habari za mkaa, utando na hatua za uchujaji, na sanduku hutaja idadi ya lita zitakazopita kabla ya katriji kubadilishwa. Lakini mnunuzi akiuliza kifaa hicho kina hesi (meno ya mzunguko ya kukazia) ya kiwango gani, kinatumia neli ya upana gani, na viungio vyake vimetengenezwa kwa madini gani, hujibiwa kwa maneno mawili tu: nusu inchi. Jibu hilo halitoshi, na naamini watengenezaji wanapaswa kulazimishwa kuandika habari kamili nje ya sanduku, mahali ambapo mnunuzi ataisoma kabla ya kulipa.

Kwanza, nusu inchi si kipimo ambacho mtu atakiona akitumia rula. Hesi ya nje inayoitwa kwa jina hilo ina upana wa karibu milimita 21, kwa kuwa jina lenyewe lilitokana na tundu la ndani la mabomba ya chuma ya zamani. Kisha ziko hesi mbili tofauti zinazoitwa hivyo. Moja inatokana na kazi ya mhandisi Mwingereza Joseph Whitworth, ambaye mwaka 1841 alipendekeza hesi yenye pembe ya nyuzi 55. Kwenye mabomba leo hujulikana kwa herufi BSP, na imeenea katika sehemu kubwa ya dunia. Nyingine ni ya Marekani, NPT, yenye pembe ya nyuzi 60, pembe ambayo William Sellers aliipendekeza kwa skrubu mwaka 1864. Katika ukubwa wa nusu inchi, zote mbili zina mizunguko 14 kwa kila inchi, na tofauti ya upana wake haifiki nusu milimita. Hapo ndipo fundi hudanganyika. Kiungio cha aina moja huingia katika hesi ya aina nyingine, huzunguka vizuri, hukaza, na aliyekifunga huondoka akiwa ameridhika, ilhali meno ya pande mbili hayakulingana na umebaki upenyo mwembamba unaofuata mzunguko wa hesi hadi nje. Tepu nyeupe huuficha upenyo huo kwa muda. Baadaye unyevu huanza kujitokeza chini ya sinki, mahali ambapo hakuna anayetazama mpaka ubao uvimbe. Katika ukubwa wa robo inchi hatari ni ndogo zaidi, kwa sababu BSP ina mizunguko 19 kwa inchi na NPT ina 18, hivyo viungio visivyolingana hukwama mapema na fundi makini hutambua kwamba kuna kasoro.

Hata ndani ya BSP peke yake kuna tofauti inayopaswa kuandikwa. Hesi iliyonyooka, inayotambulishwa kwa herufi G, haizibi maji kwa meno yake, bali kwa washa ya mpira inayobanwa mwishoni. Hesi iliyochongoka, inayotambulishwa kwa herufi R, huziba kwa kukazana yenyewe ikisaidiwa na tepu. Anayezungushia tepu hesi ya G na kusahau washa atakaza mpaka achoke bila kuzuia maji. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: kuingiza kiungio cha chuma chenye hesi iliyochongoka katika mdomo wa plastiki wa kasha la kichujio. Kila mzunguko wa spana huupanua mdomo ule kama kabari inavyopasua gogo, na ufa huenda usionekane siku hiyo. Kasha hufanya kazi kama kawaida kwa wiki kadhaa, kisha hupasuka usiku, wakati presha ya bomba huwa kubwa kwa sababu watu wengi wamefunga koki zao. Mwenye nyumba hulaumu kasha, na muuzaji humlaumu fundi, ilhali sentensi moja kwenye sanduku ingeeleza kwamba mdomo huu unataka kiungio cha plastiki, au hesi ya G yenye washa, na kwamba hauhitaji nguvu zote za mkono. Niongeze hapa kwamba dawa za kuzibia hesi zenye vimumunyisho vya petroli hudhoofisha aina kadhaa za plastiki, kwa hiyo dawa ifaayo kwa bomba la chuma huweza kuliharibu kasha la kichujio.

Kwa upande wa neli, kasoro ni ileile ya kutotaja kipimo. Vichujio vingi vya chini ya sinki hutumia neli ya robo inchi, yaani milimita 6.35 kwa nje. Ziko pia neli za milimita 6 kamili, na kwa macho hutazitofautisha. Neli ya milimita 6 ikisukumwa katika kiungio cha robo inchi, meno ya chuma cha pua yaliyo ndani huishika kidogo, lakini pete ya mpira haiigusi sawasawa, na hapo kuna kuvuja au kuchomoka kabisa. Viungio hivi vya kusukuma ni vizuri sana vikitumiwa kwa haki yake. Neli ikatwe kwa kisu chenye makali, mkato uwe mraba na usiwe wa mshazari, isiwe na mkwaruzo karibu na ncha, isukumwe mpaka igote ndani kabisa, halafu ivutwe kidogo kuhakikisha imeshikwa. Mkasi huibana neli na kuifanya yai, na neli ya namna hiyo haizibi. Kwa viungio vya nati na pete ya kubana, pete ikishabanwa mara moja isirudiwe kwenye neli nyingine, na neli laini ya plastiki iwekewe kishikizo chake kigumu kwa ndani, kipande kidogo ambacho mara nyingi hutupwa pamoja na karatasi za sanduku kwa sababu hakuna aliyeelezwa kazi yake.

Jambo linaloniuma zaidi ni madini. Watu hununua kichujio kwa kuhofia afya ya watoto wao, kisha maji yaliyokwisha kuchujwa hupitishwa katika kiungio na koki ambavyo hakuna aliyeuliza vimetengenezwa kwa nini. Kinachotoka katika kiungio kilicho baada ya kichujio hakichujwi tena na chochote. Shaba ya njano kwa desturi huchanganywa na risasi kidogo ili ichongeke kwa urahisi, na risasi hiyo huweza kuingia katika maji, hasa maji yaliyolala bombani usiku kucha. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Nchini Marekani sheria iliyopitishwa mwaka 2011 na kuanza kutumika Januari 2014 ilishusha risasi inayoruhusiwa katika viungio vya maji ya kunywa, kutoka asilimia 8 hadi wastani wa asilimia 0.25 katika sehemu zinazogusa maji. Umoja wa Ulaya nao, kwa agizo lake la mwaka 2020, unashusha kiwango cha risasi katika maji ya kunywa hadi mikrogramu 5 kwa lita ifikapo mwaka 2036. Kiungio cha shaba kisicho na maandishi yoyote hakimwambii mnunuzi kama kimetengenezwa kabla au baada ya mabadiliko hayo, wala kama kiwandani kwake yalifuatwa.

Tahadhari hiyo ni kubwa zaidi kwa vichujio vya utando, vile vinavyoondoa hata chumvi. Maji yake yana madini machache mno, na maji ya namna hiyo hula chuma na shaba kuliko maji ya kawaida. Baada ya utando, neli, viungio na koki viwe vya plastiki iliyothibitishwa kwa maji ya kunywa, au vya chuma cha pua. Vilevile mkaa ulio ndani ya kichujio huondoa klorini, kwa hiyo maji yakishapita hapo hayana tena kinga dhidi ya vijidudu. Kwa sababu hiyo, fundi anayeziba hesi kwa katani iliyopakwa rangi ya mafuta, mbinu ya zamani ambayo bado ipo, asiilete upande huo wa kichujio hata kidogo.

Kuhusu mahali pa kuchukulia maji, sitasema mengi. Vali ndogo ya kutoboa bomba kwa sindano, ambayo huwekwa katika baadhi ya masanduku kwa sababu hurahisisha kazi, binafsi siifungi. Tundu lake ni jembamba, huziba kwa uchafu, na mpira wake ukichoka huvuja pale pale bombani, mahali pasipo na koki ya kufungia. Kiungio cha njia tatu chenye koki yake, kifungwe kwenye bomba la maji baridi, ni kazi ya muda mfupi tu zaidi. Nasema maji baridi kwa sababu vichujio vingi vya nyumbani haviruhusu maji yanayozidi takriban nyuzi 38 za Selsiasi.

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba kurasa zako zinazowashauri wasomaji kuhusu vifaa vya nyumbani ziwe zinauliza habari za viungio kila zinapotaja kichujio, na kwamba mamlaka zinazosimamia viwango ziifanye lebo hii kuwa lazima. Hakuna mtengenezaji anayeweza kudai kwamba nafasi haitoshi. Maneno kama haya yanaenea kwenye ubavu wa sanduku lolote: kiingilio G 1/2, hesi iliyonyooka, washa imo, neli milimita 6.35; viungio vya shaba yenye risasi isiyozidi asilimia 0.25, presha isizidi bar 6.

Wako,
Fundi bomba na msomaji wa gazeti lako