Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Walimu wa Fizikia, Kisumu

Walimu wenzangu,

Mikutano ya kila muhula ilifanyika, mtihani wa mwigo ulitungwa na kusahihishwa, na ziara ya wanafunzi ilikwenda salama, hayo mnayafahamu.

Lililozua maneno ni uamuzi wa kamati kununua spektromita, kifaa kinachopima ni mwanga wa rangi gani unaofyonzwa, kwa shilingi 46,000 na kutenga semina nzima kwa kristali zilizopandikizwa ioni za metali, yaani atomi zenye chaji ya umeme, ilhali baadhi yenu mlitaka mbinu za kusahihisha. Pendekezo lilikuwa langu, na bado nalisimamia. Ioni za fedha au dhahabu zikirushwa kwa volti laki moja hivi, huzama katika kristali isiyo na rangi kwa kina kisichofika elfu moja ya milimita. Zikiwa nyingi, hasa kristali ikipashwa moto, hukusanyika zikawa chembe za nanomita chache (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), ambazo elektroni zake huru hutikisika kwa pamoja mwanga unapozifikia. Mwanafizikia Mjerumani Gustav Mie alilipatia jambo hilo hesabu yake mwaka 1908. Ndani ya kioo cha kawaida, chembe za fedha hufyonza mwanga wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 400 na kukipa umanjano, na za dhahabu hufyonza karibu 520, kioo kikawa chekundu. Ndani ya kristali ya oksidi ya alumini, ambamo mwanga husafiri polepole zaidi, ufyonzaji huo husogea upande wa mawimbi marefu.

Mwalimu mmoja alidai kwamba rangi hiyo ni makovu tu ya kristali iliyopigwa. Ni kweli kwamba ioni huacha nafasi tupu za oksijeni zinazofyonza mwanga, lakini ufyonzaji huo kwa sehemu kubwa ni wa urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho, na joto huupunguza, ilhali rangi ya metali mara nyingi huzidi kukolea. Macho matupu hayawezi kuyatenganisha mawili hayo. Ndiyo sababu ya spektromita, na inasikitisha kwamba waliolalamika zaidi hawakuwepo ilipowashwa.

Kati ya wanachama 58, waliohudhuria semina ni 19, na waliolipa ada ni 22. Malimbikizo ya ada ambazo hazijalipwa ni shilingi 72,000, kiasi kinachozidi kwa mbali bei ya kifaa tunachogombania.

Mwaka ujao tunatumaini kukifikisha Kakamega na Busia, mfuko ukiruhusu.

Mwenyekiti