Risala ya Chama cha Mpira wa Vikapu kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa mgeni wa heshima, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, hamjambo.

Karibu tena Mombasa, ingawa wewe ndiwe mwenyeji. Wengi wetu tulianza kukushangilia ukumbini Makande, kabla hujaenda kucheza ng'ambo.

Mheshimiwa, ukiuliza hapa nani anataka kulipwa kwa mpira huu, mikono yote itainuka. Ukiuliza wapi, wote watasema Marekani. Lakini timu za NBA, ligi kuu ya huko, ni 30, na kila moja ina nafasi 15 za kandarasi kamili. Hesabu hiyo tuliifanya ubaoni, kelele zikapungua. Hasheem Thabeet, jirani yetu wa Tanzania, alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA mwaka 2009, na Memphis Grizzlies, na bado baadaye riziki ilimpeleka Japani na Taiwan. Naye Tylor Ongwae, aliyefunga kikapu cha mwisho Kenya tukaishinda Angola 74-73 Februari 2021, mwajiri wake alikuwa Bakken Bears ya Denmark. Nani kati yetu aliwahi kuiwaza Denmark?

Kwa nyumbani, mfano tunaouona kila siku ni KPA, timu ya Mamlaka ya Bandari. Mchezaji wa timu ya shirika aghalabu huajiriwa humo: asubuhi kazini, jioni mazoezini. Mshahara si wa kuringia, lakini goti likiharibika kazi ipo. Kandarasi ya ng'ambo mara nyingi ni ya msimu mmoja, na ukiisha unaanza kutafuta upya. Wazazi wanaipenda ya kwanza; sisi, tusifiche, tunaitamani ya pili. Tena tangu Nairobi City Thunder iwe timu ya kwanza ya Kenya kucheza BAL, ligi ya vilabu vya Afrika, mwaka 2025, wapo wanaosema si lazima kuvuka bahari.

Kinachotuumiza ni mawakala. Mwaka jana mwenzetu wa kidato cha tatu aliletewa ujumbe kwenye simu: amepata timu Uturuki, atume pesa za viza kabla ya Ijumaa. Mamake alishaomba mkopo katika chama cha kukopeshana. Mwalimu wa michezo akampigia mtu huyo akamuuliza kama ana leseni ya wakala ya FIBA, shirikisho la dunia la mpira wa vikapu, na vipi anamhamisha mtoto wa miaka 16 ilhali FIBA hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kuhama nchi ila kwa sababu maalumu. Simu ikakatwa, na haikupokelewa tena.

Kwa hivyo tuna maombi. Kubwa ni utupe Jumamosi moja, uje na kandarasi yako ya zamani, majina na pesa uzifiche ukitaka, utusomee kifungu kwa kifungu: nani analipa matibabu, nani anakata tiketi ya kurudi, mshahara ukichelewa unashtaki wapi, na ile barua ya shirikisho ya kukuruhusu kuhama inaombwaje. Wasichana nao wanaomba waelezwe ufadhili wa vyuo vya Marekani, maana huko alama za darasani zinatazamwa pia.

La mwisho ni pete ya kikapu uwanjani petu, ya upande wa barabara. Chumvi imeila, ukiigusa unabaki na kutu mkononi, na mashindano ya muhula wa kwanza yanakaribia.

Tumekuandalia kikoi, tafadhali kipokee.

Ni sisi wako,
Wanachama