Watoto waliodumaa wanahitaji zaidi ya unga wa lishe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako nizungumzie udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake, jambo ambalo sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunasemwa nalo kila zinapotoka takwimu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Iringa walikaribia 57, Njombe na Rukwa wakawa kama 50. Na hii ndiyo mikoa ya mahindi, viazi, maharage na parachichi zinazosafirishwa hadi Ulaya. Viongozi wakifika jukwaani wanashangaa, wanawahimiza akina mama wapike makundi yote ya chakula, mkutano unafungwa.

Nimefanya uuguzi kliniki ya mama na mtoto mpaka nikastaafu, kwa hiyo mimi sishangai. Siku ya kliniki mtoto anavalishwa suruali ya kupimia, ananing'inizwa kwenye mzani, nukta inawekwa kwenye kadi. Ikiangukia kijani, mama anaambiwa hongera, anaitwa mwingine. Ubao wa kupimia urefu umeegeshwa nyuma ya mlango. Mtoto mfupi kuliko umri wake anaweza kuwa na mashavu yamejaa akapita hivyo hivyo. Na hakuna anayeuliza anashinda na nani.

Msimu wa kupanda viazi au kuchuma chai, mama anatoka jua halijachomoza. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anabaki na dada yake wa miaka sita na sufuria ya uji wa mahindi matupu, watakaokunywa baridi mpaka jioni. Mchana kutwa hakuna mtu mzima anayemsemesha. Baba akirudi kutoka kilabu cha ulanzi (si kila baba, nisieleweke vibaya) sauti zinapanda, pengine na kipigo. Mtoto hajajua kuongea, lakini anasikia. Mwili unaokaa na hofu siku nenda rudi hutoa homoni za msongo kupita kiasi, nazo zikidumu huvuruga ubongo ambao ndio kwanza unajengwa, kinga ya mwili, hata jinsi mwili unavyodhibiti sukari na presha.

Kati ya mwaka 1995 na 1997, madaktari Vincent Felitti na Robert Anda waliwauliza watu zaidi ya 17,000 wa San Diego, Marekani, yaliyowakuta utotoni: kupigwa, kudhalilishwa, kuona mama akipigwa, kuishi na mlevi. Hawakuwa mafukara, walikuwa na bima ya afya na wengi walikuwa wamesoma. Waliopitia mambo manne au zaidi ya namna hiyo walikuwa hatarini zaidi kupata maradhi ya moyo, mapafu na ini ukubwani. Sisi kwenye kliniki ya presha tunauliza chumvi na mafuta tu.

Lakini mfano ninaoupenda ni wa Kingston, Jamaica. Miaka ya 1980 Profesa Sally Grantham-McGregor na wenzake walichukua watoto 129 waliodumaa, wa miezi 9 hadi 24. Wengine walipewa maziwa ya lishe. Wengine walitembelewa nyumbani kila wiki kwa miaka miwili na mhudumu wa afya wa mtaani, wakacheza naye pamoja na mama kwa saa moja, kwa vitu vilivyotengenezwa nyumbani. Wapo waliopata vyote, na wapo ambao hawakupata kimojawapo. Walipofikisha miaka 22, waliotembelewa walikuwa na dalili chache za sonona, hawakuwa wagomvi kama wenzao, na kipato chao kilizidi kwa kama robo. Faida ya maziwa peke yake haikuonekana tena. Kweli, michezo haikuwarefusha, na chakula bado ni lazima. Ila kimo ndicho kinachoonekana kwa macho. Kilichoharibika ni zaidi ya kimo.

Serikali ilizindua programu ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto Desemba 2021, na ndani yake malezi yenye mwitikio (mlezi kumsikiliza mtoto na kumjibu) na ulinzi wa mtoto vimetajwa waziwazi pamoja na lishe. Huku vijijini ninachokiona ni lishe. Halmashauri ziwalipe wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapite nyumba kwa nyumba, wakae chini wacheze na watoto, si kugawa vipeperushi. Ubao utolewe nyuma ya mlango. Na akina baba je? Mimba ikiwa changa tunambana mama aje na mumewe, tena asiyekuwa naye anatumwa akachukue barua kwa mwenyekiti. Mtoto akishazaliwa, baba hatumtafuti tena.

Wenye mashamba makubwa nao wasikae pembeni. Wana maghala na ofisi. Chumba kimoja karibu na shamba, na mlezi anayelipwa, ili mama aweze kuja kunyonyesha saa nne na saa nane, ni jambo la kuanza msimu huu wa kupanda.

Muuguzi mstaafu,
Makambako, Njombe