Mhudumu wa Ayurveda asisahauliwe

Ndugu Mhariri,

Kila tiba ya Ayurveda ya India inapozungumzwa kuhusiana na afya ya akili, sifa huwaendea tabibu na mitishamba, ilhali anayemuuguza mgonjwa hasemwi kabisa. Hali hiyo inanishangaza, kwa kuwa Charaka Samhita, kitabu cha kale ambacho ni msingi wa tiba hiyo, kinataja nguzo nne za matibabu, yaani tabibu, dawa, mhudumu na mgonjwa mwenyewe, na kinamtaka mhudumu huyo ajue kuuguza, awe hodari wa kazi, ampende mgonjwa na awe msafi.

Tuchukue shirodhara, ambapo mafuta ya uvuguvugu humiminwa taratibu kwenye paji la uso la mgonjwa mwenye wasiwasi au asiyepata usingizi. Tabibu huagiza, lakini anayebaki hapo hadi mwisho ni mhudumu: ndiye anayepima joto la mafuta, anayeyakinga macho, na anayeona kwa jinsi mgonjwa anavyohema kwamba hofu imempanda na kazi isitishwe.

Liko pia suala la usalama, ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Mzizi wa mmea wa sarpagandha, uliotumika India kwa wagonjwa wa akili, ndio uliotolewa dawa ya reserpini mwaka 1952. Dawa hiyo hushusha shinikizo la damu na imehusishwa na sonona. Ashwagandha, dawa nyingine ya mitishamba ya Ayurveda inayouzwa hata Dar es Salaam na Nairobi, huweza kumzidishia usingizi anayemeza dawa za kutuliza. Nikiwa muuguzi wa wodi ya wagonjwa wa akili, najua kwamba mgonjwa akiulizwa na daktari anatumia dawa gani hutaja za hospitali tu. Za mitishamba humwambia muuguzi, tena usiku, akiulizwa kwa upole.

Sheria ya Huduma za Afya ya Akili ya India ya mwaka 2017 inamtambua tabibu wa Ayurveda mwenye shahada ya uzamili katika magonjwa ya akili kuwa mtaalamu wa fani hii, na ni haki yake. Muuguzi inayemtambua, hata hivyo, ni yule tu mwenye elimu inayokubaliwa na Baraza la Uuguzi la India. Wanaosimamia Ayurveda wangepaswa kumfundisha mhudumu wao kutambua dalili za mtu anayetaka kujidhuru, wamruhusu kuandika katika jalada la mgonjwa, na wampe mamlaka ya kusimamisha tiba pasipo kumsubiri tabibu.

Muuguzi wa afya ya akili,
Morogoro