Barua kwa somo yangu wa Tabora: mfarishi wa Mzee

Ujiji, Kigoma
6 Aprili 2025

Somo yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, watoto wanasoma, na mvua bado haijatuacha. Barua yako imenifikia kwa mkono wa yule kijana wa dagaa, na tangu juzi naisoma na kuirudia. Umeniuliza jambo dogo kwa maneno, ila mimi limeninyima usingizi. Mzee, baba yako, anatimiza miaka sabini, baridi ya Juni na Julai iko njiani, na unataka kumshonea mfarishi wa viraka, lile shuka nene la kujifunika, kama tulivyofundishwa na mwalimu wetu wa cherehani, lakini hujui mtindo gani unamfaa mwanamume mtu mzima. Ukasema umeanza kufikiria nyota za ncha nane, au yale maua ya kubandika.

Somo yangu, maua usishone. Mimi niliwahi kuyashona, na hadithi yake sijakusimulia.

Kaka yangu mkubwa alipohamia Kasulu, kule juu ambako asubuhi mtu anatoa moshi mdomoni, nilimshonea mfarishi. Nilikata mawaridi kwenye poplini ya pinki, nikayabandika juu ya bafta nyeupe, majani nikayatia kijani, pembeni kote nikazungusha lasi. Miezi minne ya kazi, nyingine nikiifanya usiku kwa taa. Alinishukuru kwa heshima zote na akanifungia kuku wawili. Mwaka uliofuata nilipokwenda kuwatembelea, nikaukuta umekunjwa ndani ya sanduku pamoja na vidonge vya nondo, na kaka yangu anajifunika blanketi la kijivu lililotoboka katikati. Wifi ndiye aliyenieleza, tena kwa upole sana: "Wifi, kaka yako anaona kama amelala kitanda cha biharusi. Wageni wakija anaona haya."

Niliumia, lakini nilipokaa na kulifikiri neno lile nikaona wifi kasema kweli. Mtindo ule ndio ule ule niliokuwa nawashonea mabinti wanaoolewa. Nilichukua kitu cha mtu mwingine nikampa kaka yangu.

Watu watakuambia mwanamume ashonewe kijivu na kahawia, basi. Usikubali haraka. Nenda msikitini hapa Ujiji siku ya Idi uwaone wazee wetu na mashati yao ya kitenge, yale ya wax kutoka Kongo, yenye manjano na buluu na ndege wamenyoosha mabawa mgongo mzima. Wanatembea vifua mbele. Kwa hiyo rangi si shida. Mimi naamini shida ni mtu kulala chini ya kitu ambacho hakimjui. Mtoto ukimshonea tembo na nyota anafurahi, kwa sababu bado anajitafuta. Mtu mzima ameshaishi, na mfarishi wake lazima uanzie kwenye maisha hayo.

Hili nililijua kwa mume wangu. Unakumbuka mwaka jana ziwa lilipofungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wazaliane? Miezi mitatu mitumbwi imelala ufukweni, na mume wangu yuko nyumbani usiku. Tumezoea akae siku za mbalamwezi tu, maana mwezi ukiwa mkali taa haiwavuti dagaa. Sasa nikamwona anavyolala: chali, miguu imenyooka, mkono mmoja nje ya shuka hata kukiwa na baridi. Nikaamua kumshonea ule mtindo ambao mwalimu alituambia Wamarekani wanauita nyumba ya magogo. Unaanza na kiraka kidogo katikati, halafu unakizungushia vipande virefu kama magogo, nusu rangi nyepesi na nusu rangi ya giza. Kule kwao ulienea sana miaka ya 1860, na kile kiraka cha katikati walipenda kukitia nyekundu, kama moto wa jikoni ndani ya nyumba. Mimi sikutia nyekundu. Nilitia manjano ya karabai, nikazungusha buluu na nyeusi, kila kiraka kikawa taa moja katikati ya maji ya usiku. Nilipomtandikia alikaa kimya, kisha akaweka kidole juu ya kiraka kimoja kimoja kama anayehesabu, akasema, "Hizi ni taa zetu." Sikuwa nimemwambia. Sasa hivi mfarishi ule haumtoki, hata akienda kwa mama yake unamkuta amebeba.

Basi turudi kwa Mzee. Yeye si mtu wa ziwa, ni mtu wa reli. Nakumbuka tulipokuwa wasichana tukipita stesheni, tunamwona na magwanda yake ya kaki anageuza njia, hii treni ya Mwanza, hii ya Kigoma, hii ya Mpanda, na sisi tunaona kama nchi nzima inamsubiri yeye anyanyue mkono. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika kwetu Kigoma mwaka 1914, ile ya Mwanza ikakamilika mwaka 1928, na Mzee ukimpa kahawa atakuhesabia miaka hiyo bila kukosea. Upo mtindo wake kabisa. Ni vipande vitatu vilivyonyooka, vimeunganishwa vikawa mraba. Mraba mmoja unausimamisha, unaofuata unaulaza, hivyo hivyo mpaka mwisho, na ukisimama mbali unaona ngazi zinapanda kutoka kona hadi kona. Mwalimu aliuita uzio. Mimi nikiutazama naona mataruma ya reli, na nina hakika Mzee naye ataona hivyo. Nyota za ncha nane ni nzuri, sikatai, ila zina pembe nyingi za kukutanisha, na macho ya Mzee hayana haja ya kitu kinachometameta kila upande. Mistari iliyonyooka na viraka vikubwa vinatulia.

Kuhusu vitambaa nataka unisikilize. Chukua marekani, kaniki na kaki, rangi tatu tu. Marekani nyeupe ile isiyopaushwa na kaniki ile nyeusi inayokwenda kwenye buluu ni vitambaa vya njia yetu. Vimetoka pwani vichwani mwa wapagazi wa Kinyamwezi, vikapumzika Tabora, vikafika hapa Ujiji, na vilikuwa ndiyo fedha yenyewe: mikono minne ni shuka, shuka mbili ni doti, na msafara haukupita kwa chifu bila hongo ya doti. Marekani jina lake limetokana na ilikotoka, viwanda vya Marekani, na kaniki ilitoka India. Mzee mwenyewe ni Mnyamwezi wa ukoo wa wapagazi, hilo aliwahi kutusimulia tukiwa tunamenya maembe barazani. Ukimtandikia marekani na kaniki hutahitaji kumweleza chochote.

Kaki itoke kwenye magwanda yake ya kazi. Najua bado anayo, maana watu wa reli hawatupi magwanda. Lakini usiyaguse kabla hujamwomba! Mavazi ya mtu tunayagawa akishaondoka, na mzee akirudi nyumbani akakuta mkasi umepita kwenye suruali yake angali hai, moyo wake utashtuka na utakuwa umeharibu kazi kabla hujaianza. Kaa naye, mwambie unachotaka kufanya, mwache achague mwenyewe kipi kikatwe na kipi kibaki. Kama kuna mfuko wenye kifungo, mwombe na huo. Uushone juu ya kiraka kimoja upande wa kichwani, atatia miwani yake.

Jinzi za mitumba usinunue, hata kama ni rahisi. Nilimshonea fundi baiskeli mmoja hapa Mwanga, akapenda sana, ila ukilowa unashindwa kuunyanyua. Kukamua wanahitajika watu wawili, na kwa maji yenu ya kuteka utamchukia Mzee bure. Kwa ndani weka blanketi kuukuu lililooshwa likalainika. Sufi inajikusanya kona moja baada ya kufuliwa.

Vipimo ni hivi. Kitanda chake ni futi 5 kwa 6, kwa hiyo mfarishi uwe futi 7 kwa 8, uning'inie futi moja kila upande na miguu ipate ya ziada. Kila mraba ukimalizika uwe inchi 12, yaani vipande vitatu vya inchi 4, lakini wewe kata inchi 4 na nusu, mshono unakula robo inchi kila upande. Miraba 7 kwa upana na 8 kwa urefu, jumla 56. Usikate kipande kimoja kimoja kama tulivyokuwa tunafanya zamani, utachoka. Chana marekani na kaniki kanda za inchi 4 na nusu kuvuka upana wote wa kitambaa. Kaki kwa kuwa haina upana, ikate vipande 56 vya inchi 4 na nusu kwa 12 na nusu, uvishone juu ya ukanda wa marekani vikifuatana, kichwa kwa mkia, bila kuviunganisha. Upande wa pili wa kaki unashona ukanda wa kaniki, halafu unakata pale vipande vya kaki vinapokutana. Kitambaa cha upana wa inchi 45 kinakupa miraba mitatu kila ukanda, kwa hiyo utahitaji kanda 19 za marekani na 19 za kaniki, ambazo ni yadi 2 na nusu kila kimoja. Nunua yadi 3, kitambaa kikifuliwa kinarudi. Kaki ikipungua ongezea kitambaa cha drili.

Kaniki ioshe peke yake, tena na tena, mpaka maji yatoke meupe, ndipo uikate. Ukiwa na haraka hapo, marekani yako yote itageuka rangi ya majivu siku mfarishi utakapofuliwa mara ya kwanza. Kisha piga bandi tabaka zote tatu, yaani viraka, blanketi na kitambaa cha chini, vizuri kabla ya kuingiza kwenye cherehani, na ushone kufuata maungio tu, mistari iliyonyooka. Hakuna haja ya mapambo mengine.

Limebaki la upande wa chini, na hili nimelifikiria sana kabla ya kuliandika. Nimeona kwenye simu picha za mifarishi ya wanawake wa kijiji kimoja Marekani, jimbo la Alabama, kinaitwa Gee's Bend, wajukuu wa watu waliokuwa watumwa. Walishona kwa nguo za shambani zilizochakaa, na mwaka 2002 mifarishi yao ilitundikwa kwenye jumba la makumbusho la Houston, watu wakaenda kuitazama kama picha za thamani. Mmoja wao, Missouri Pettway, mumewe alipofariki alichukua nguo zake za kazi akashona mfarishi, mwaka 1942, ili ajifunike. Picha ile niliitazama muda mrefu. Magoti ya suruali yamepauka, na alama za mfuko uliobanduliwa bado zinaonekana.

Nikamkumbuka marehemu mama yako. Uliniambia siku ile ya kugawa vitu vyake ulibakiwa na doti moja ya khanga, ile yenye jina ambalo sote wawili tulikuwa tukilisoma akitutangulia kwenda sokoni. Mimi naona vipande vyote viwili ungevitia upande wa chini, katikati, ule unaogusa mwili, na pembeni ukaunga marekani mpaka ufike futi 7 kwa 8. Juu wageni wataona reli, kaniki na kaki. Chini ni pake peke yake. Jina la khanga usilikate. Lakini hili nalo muulize kwanza, tena mkiwa wawili tu, na akinyamaza usimharakishe. Kama hataki, khanga ibaki sandukuni kwako na utumie marekani tupu.

Kaniki yadi 3 nimeshainunua huku na nimeiosha mara nne. Nitampa mtoto wa dada anayekuja Tabora na treni baada ya shule kufungwa, mpokee pale stesheni. Marekani utaipata kwenu. Na Mzee mpime urefu akiwa amelala, si akiwa amesimama. Uangalie kama anajikunja au ananyooka, uniandikie, tuone kama miraba 8 inatosha au tuongeze mstari mmoja.

Mfikishie shikamoo yangu. Mwambie njia ya Kigoma bado iko wazi.

Ni mimi somo yako,
wa Ujiji