Asante, dada uliyetupigia hodi usiku

Dada, jina lako sitaliandika kwa kuwa najua hupendi, lakini uliyotutendea hapa Mukuru kwa Reuben yanastahili mashahidi.

Kaunti ya Nairobi ilipotangaza Mukuru kuwa eneo maalum la upangaji, yaani mtaa wa kupangwa upya barabara na huduma zake, mwaka 2017, sisi wapangaji tulisikia jambo moja tu: kubomolewa. Mikutano ya kujadili mpango huo tuliyoisikia ilikuwa ya mchana, wakati tuko kwa vibarua Industrial Area.

Wewe, mhamasishaji wetu, ukaja usiku. Ulipiga hodi mlango kwa mlango, ukatukusanya nyumba kumi kumi, kila kumi na msemaji wao. Ramani ya mpango ilipotushinda kuisoma, ulichukua chaki ukachora upana wa barabara palepale kichochoroni. Mstari ukapita katikati ya kibanda cha mama mboga. Hapo ndipo kila mtu alipofungua mdomo, maana barabara pana kupita kiasi ingefukuza watu wengi kuliko ingewafaa.

Hukutuambia tuseme nini, na hilo ndilo ninalolithamini zaidi. Uliandika maneno yetu ukatusomea. Shosho wa mlango wa mwisho akakusahihisha, nawe ukafuta ukaandika upya. Kisha ulirudi kutueleza wataalamu wa mipango wamejibu nini, hata jibu lilipokuwa baya. Wengi huchukua maoni ya watu wakapotea nayo.

Ninyi mnaohamasisha mitaa mingine, iteni mikutano watu wakishatoka kazini, na mpangaji asikilizwe sawa na mwenye nyumba.

Asante sana, dada.